Mtihani wa Mama Mashuka

Kaka yake alimkana. Hakumkana katika ugomvi wala kwa ulevi. Alimkana mchana kweupe, mbele ya ofisa wa uraia, ameketi kitini na kofia yake magotini. Ofisa aliuliza, "Huyu mama ni dada yako?" Kaka akajibu, "Alikulia kwetu." Basi. Kukulia kwa watu, hata paka hukulia.

Sababu ilikuwa nyumba ya marehemu baba yao, yenye vyumba vya mbele vilivyopangishwa. Asiye wa damu harithi. Kaka alizaliwa baba akiwa na kazi, akaandikishwa na kupewa cheti. Mama Mashuka, kama wenzake wa kufulia hospitalini walivyomwita, alikuja wakati wa dhiki. Alizaliwa chumbani, na jirani aliyempokea alishatangulia mbele ya haki. Cheti hana, shahidi hana. Kwa hiyo mtu ambaye kitovu chake kilizikwa nyuma tu ya ofisi ile aliambiwa afanye mtihani wa uraia, ule wa wageni. Na hospitali ilikuwa imeshatangaza: asiye na kitambulisho, mwisho wa mwezi aage.

Shule aliijua kwa nje, kwa kupeleka watoto na kuwasubiri getini. Binti yake alimsomea maswali, naye akayabeba kichwani hadi kazini.

Kukunja mashuka si kazi ya mtu mmoja. Kila mtu anashika pembe mbili, mnavuta mpaka shuka lilie, mnakutana katikati kama mnaosalimiana, mnarudi. Mwenzake alikuwa Kibonge, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na kitasa.

"Haya, mgeni wetu," alisema Kibonge akivuta, "bunge lina wabunge wangapi?"

"Si nikuulize wewe? Wewe ndiye mwenye nchi."

"Mimi nawajua kwa matumbo, sijawahesabu."

Walimgeukia mpiga pasi, wakamuuliza nani alitunga wimbo wa taifa. "Alikuwa mtu mzima," alisema mpiga pasi, "hilo nina hakika nalo." Msimamizi alipopita wakamdaka naye: katiba ina sura ngapi? Akatazama dari, akatazama saa yake. "Hivi mashuka ya wodi ya wazazi yako wapi?" akauliza, na kutoka. Chumba kizima kikaangua kicheko, mvuke wa mashine nao ukiwapanda usoni.

Mama Mashuka naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia menoni. Wote walifeli, na jioni wote wangenawa mikono warudi makwao wakiwa raia vilevile.

"Unanuna nini, shoga? Hata sisi hatujui."

"Kutojua kwenu ni mzaha. Kwangu mimi ni kosa."

Kibonge akavuta pembe zake.

Siku ya mtihani ofisa alikuwa na mafua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na Mama Mashuka alikuwa amechoka, wakatazamana kama punda wawili kwenye mlima mmoja. Maswali mengine aliyajibu, mengine yalimpita juu kama ndege. Kisha ofisa akafuta pua, akasoma: "Taja rangi za bendera na maana ya kila moja."

Hapo uso wake ukafunguka. Bendera ya geti la hospitali, miaka yote aliifua yeye.

"Nyeupe inashika vumbi upesi, hasa ukingoni. Kijani haina matata. Nyekundu, mwanangu, usiiamini. Inachuja. Ukitia maji ya moto tu inakimbilia kwenye nyeupe, umeharibu yote. Mimi naifua kwa maji baridi, naianika kivulini."

Kalamu ya ofisa ilisimama hewani. "Nauliza maana yake, mama."

"Si ndiyo hiyo?"

Ofisa aligeuza karatasi, akasoma majibu yaliyokuwa nyuma: damu, amani, mashamba. "Hata mimi huwa nageuza," alisema kwa sauti ya puani, akaandika sifuri. "Umefeli, mama. Utarudia mwakani."

"Na mpaka mwakani nile nini?"

"Au kaka yako aje aseme vingine. Neno lake linatosha. Huu mtihani hautakuhusu tena."

Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa kaka yake, duka la kukata vioo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Mama alipokuwa akienda vibaruani, wewe ndiye ulinilisha uji. Mama mwenyewe alikuwa akihadithia. Ulikuwa unaupuliza kwanza usiniunguze."

"Ya utotoni ni mengi."

"Sitaki chumba. Vyumba kula wewe na wanao. Nataka useme tu."

"Leo hutaki. Ukishapata karatasi utataka." Akakwaruza kioo, akakigonga, kikakatika sawasawa.

Mama Mashuka alimsogelea. "Kaka, rangi za bendera zina maana gani?"

Kaka akacheka, cheko la mtu aliyeshiba. "Nitajuaje? Mimi siulizwi."

Mwisho wa mwezi ulifika, maana mwisho wa mwezi haumngoji mtu. Walikunja shuka la mwisho, wakakutana katikati, na Kibonge hakuachia pembe.

"Sasa upande wako atashika nani?"

"Atashika mwenye kitambulisho. Achia, dada, shuka litakunjamana."

Alivua aproni, akaikunja mwenyewe, akaenda zake.

Mama Mashuka hamdai Kibonge kitu. Hospitali ilimlipa jasho lake. Hata ofisa wa mafua hamdai, kwa kuwa yule aliuliza alichoandikiwa. Anayedaiwa ni kaka yake, mkata vioo, na hakuna wa kumlipia. Anadaiwa arudi kwenye kiti kilekile, aweke kofia yake magotini, aseme, "Huyu ni dada yangu."