Maji Yaliyolala Bombani

Kwa majivuno, fundi Mvuke alikuwa namba mbili. Namba moja ni mimi, wapwa zangu mnajua, ila mimi sijawahi kukabidhiwa maji ya wagonjwa. Yeye alikabidhiwa. Pale hospitalini alisimamia maji ya chumba cha kusafishia damu za watu ambao figo zao zimegoma kazi, na jina la Mvuke alilipata kwa kuuamini moto kuliko kitu chochote.

"Mdudu gani atapita kwangu?" alikuwa akijipiga kifua. "Namchemsha mpaka asahau alikozaliwa!"

Asubuhi moja, chumba kilipofunguliwa baada ya mapumziko marefu, alikuta maji yamelala bombani muda wote huo. Akayashika. Yalikuwa na utelezi. Alipaswa kuyamwaga yote, apitishe dawa, asuuze, kisha apime. Kazi ya kutwa hiyo. Na mlangoni alikuwa amesimama dada yake, mgonjwa wa kwanza, miguu imevimba kama mito ya kulalia, anahema.

"Mdogo wangu, unapika nini humo? Fungua nikae."

"Vumilia, dada. Nawachoma wadudu."

"Fanya haraka, nisije nikaiva mimi."

Basi Mvuke akayapasha moto maji yaleyale, mabomba yakawa hayashikiki, akaacha yapoe, akafungua koki. Kupima hakupima. Dada akaunganishwa kwenye mashine.

Alikuwa katikati ya kumsengenya jirani yake, na penyewe palikuwa pamenoga, alipokatiza ghafla. Meno yakaanza kugongana. Kiti kikatetemeka pamoja naye.

"Mvuke, baridi."

"Madirisha yamefungwa, dada."

"Baridi iko ndani yangu."

Nesi akatazama kipimo, akaisimamisha mashine. "Presha inaanguka! Daktari!"

Daktari alikuwa binti mdogo ambaye Mvuke alizoea kumwita mjukuu. Siku hiyo hakumwita hivyo.

"Maji umeyapima?"

"Nimeyachemsha."

"Sijakuuliza hilo, fundi."

Mvuke akageuza uso pembeni. Kwenye kiti cha pili, nesi mwingine alikuwa ameshika mipira ya mashine, anataka kumuunganisha mzee mmoja. Mvuke angenyamaza, pengine lawama ingeishia kwenye ugonjwa wa dada.

"Acha!" akapiga kelele. "Usimuunganishe! Maji yalilala bombani. Lakini wadudu nimewaua, daktari, wallahi wote!"

"Umewaua. Na maganda yao umeyapeleka wapi?"

Mvuke akaelezwa haraka haraka, huku dada akitundikiwa dripu, kwamba wadudu wa aina hiyo, wasioonekana kwa macho, sumu yao iko kwenye ganda lenyewe. Ukiwachemsha wanapasuka, vipande vinabaki majini, moto ule hauvimalizi, na mashineni vinapenya hadi kwenye damu. Walinzi wa mwili wakivigusa hawaulizi kama mwenye ganda yu hai au amekufa. Wanapiga mbiu ya vita: homa inapanda, mishipa inalegea, presha inashuka, kama vile damu imevamiwa na wadudu wazima. Wengi wanaouawa na maambukizi makali huondoka kwa njia hiyohiyo.

Mvuke akapiga magoti kando ya kiti. Uso wa dada ulikuwa rangi ya majivu.

"Umewachoma?" akanong'ona.

"Nimewachoma, dada."

"Mbona wananiua, basi?"

Mvuke akainua uso. Macho yake yalikuwa kwenye kipimo cha presha, kinashuka, kinasita, kinashuka tena. Alimshika mkono, akausugua kama mtu anayewasha moto, yeye na moto wake. Muda ulipita ndipo namba ikapanda kidogo. Daktari akatikisa kichwa kukubali, lakini hakutabasamu.

"Mdogo wangu," dada akasema bila kufumbua macho, "kamwage hayo maji."

Mvuke akaenda. Akaishika koki, ile anayoifungua kila siku kwa vidole viwili huku akipiga mluzi, na mikono ikamtetemeka hata ikabidi amwite nesi amsaidie kuifungua.