Nilivyorusha Mubashara Minong'ono ya Mahari ya Ndugu Yangu

Makosa ni yangu. Nayasema mapema ili usianze kunihurumia. Shetani hakunipitia, mtandao haukunichezea, na simu haikujiwasha yenyewe. Niliiwasha mimi, kwa kidole hikihiki ninachoandikia haya.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo na ninaishi mtaa wa Dallas, hapa Embu. Baada ya shule nilikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara lakini yenye sifa tele: kutoa maoni. Nilikuwa na ukurasa mtandaoni. Simu mpya ikitoka, natoa maoni. Msanii akiachana na mkewe, natoa maoni. Mheshimiwa akisinzia bungeni, natoa maoni hata kabla hajaamka!

Watu walinipenda kwa sababu naeleza polepole. Ndivyo nilivyoumbwa. Mama mzee akiniuliza jinsi ya kutuma picha, simcheki. Narudia mpaka aelewe, kisha namwambia, "Umeona? Kumbe ulikuwa unaweza." Na kila nikimaliza video nilisema, "Bonyeza kengele hapo chini, mpenzi, ili nikija hewani simu yako ikuite."

Ikumbuke hiyo kengele.

Kitu nilichokidharau kuliko vyote ni watu wa kamera. Nilikuwa na video nzima juu yao. Yule anayempelekea mjane paketi ya unga akiwa amefuatana na mpiga picha. Yule anayefika msibani na, kabla ya kulia, anatafuta mahali penye mwanga mzuri. Yule dada anayetangaza kuwa ameachwa, na machozi yake yanangoja muziki uanze. "Jamani," nilisema, "tumekuwa taifa la kula chakula kikiwa kimepoa kwa sababu lazima kipigwe picha kwanza!"

Wafuasi wakacheka. Nikajiona nina busara. Ovyo kabisa!

Sasa nikueleze kuhusu ndugu yangu. Nyaga ni mdogo wangu wa mwisho, fundi wa umeme, mtu wa maneno machache. Alikuwa akifanya kazi za nyumba za watu upande wa Kiambere, kule kwenye bwawa, na kila akipita Kiritiri alisimama kwa fundi cherehani mmoja. Suruali zake zilianza kuchanika bila sababu. Tulipomuuliza, akacheka na kusema jina: Wanja.

Kwa hivyo tukashuka Kiritiri kwenda kuongea mahari. Baba yetu alishafariki, basi msemaji wetu alikuwa Baba Mdogo Njeru, mtu mwenye ulimi mtamu hadharani na mchungu pembeni. Mama alikuwepo, na shangazi, na wazee wa ukoo. Mimi nilivaa leso mpya na kujaza simu chaji.

Getini wanawake wa kwao walitufungia na kutuimbia, nasi tukawajibu kwa nyimbo, kama ilivyo desturi. Niliwarusha hewani. Hilo halikuwa na ubaya. Lakini mlangoni tulimkuta Mzee Ireri, babake Wanja, ameshika kiondo.

"Wakwe zetu, karibuni," alisema. "Simu zikae humu mpaka tumalize. Nataka kuongea na macho, si na vipaji vya nyuso."

Wazee wetu walicheka, wakazitia juu ya zile za wenyeji. Mimi nilikasirika. Nilijiambia, huyu mzee wa mbuzi na ndengu ananifundisha mimi mambo ya simu? Mkobani nilikuwa na mulika mwizi wangu wa zamani, ile simu ndogo ya vitufe. Nikautia kwenye kiondo kwa adabu zote, na hata nikapiga goti kidogo. Simu yenyewe, ile ya kamera, niliificha ndani ya leso.

Uongo wa kwanza ulikuwa huo. Haukuwa na sauti hata kidogo.

Mazungumzo yalienda vizuri. Walitaja mbuzi, wakataja blanketi za wazee, kisha wakataja tangi la maji la mamake Wanja. Baba Mdogo akaomba ruhusa tutoke.

Labda wewe hujui desturi hii, kwa hivyo niieleze. Upande wa mwanamume haujibu jambo zito palepale mbele ya wenyeji. Mnatoka nje, mnasimama nyuma ya ghala, mnateta. Huko kila mtu anasema lililo moyoni. Mwenye kulalamika analalamika, mwenye tusi analitoa. Mkimaliza, mnarudi ndani na jibu moja lililooshwa. Nao wenyeji, kwa heshima, wanaimba kwa sauti ili wasiwasikie. Kila mtu anajua kuwa nyuma ya ghala panasemwa mabaya. Hakuna anayeuliza.

Unaona ilivyo nzuri? Naijua. Naweza kuieleza. Na ndiyo niliyoivunja!

Nilitoa simu kwenye leso, nikanong'ona, "Wapenzi wafuasi, sasa mtaona siri ya mahari. Hapa ndipo wazee wanapoamua." Watazamaji wakaanza kumiminika kama siafu. Nikaifunika nusu kwa leso, nikaacha sauti iende. Wengi wakifanya upuuzi kama huu husema walisahau kuzima. Mimi sikusahau. Niliona namba inapanda, nikaona tamu.

Na hofu sikuwa nayo. Si wenyeji wote wameweka simu kiondoni?

Baba Mdogo ndiye aliyeanza. "Tangi! Kwani tunaoa msichana ama tunajenga bwawa lingine la Kiambere?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa na lake, na naamini alilibeba tangu nyumbani. "Mbuzi na tangi si neno," alisema. "Lakini tuseme ukweli. Huyu msichana si alichumbiwa na mtu mwingine, akaachwa harusi ikiwa karibu? Sasa wanatuitisha kama ni mpya."

"Mama, tafadhali," Nyaga akasema. "Hayo aliniambia mwenyewe siku ya kwanza. Mimi namtaka hivyo."

Hapo ndipo mtoa maoni akatoa maoni. Niliinamia simu, nikasema kwa ile sauti yangu ya kufundishia, polepole, kila neno lisikike: "Mtumba hata ukipigwa pasi ni mtumba."

Nikacheka peke yangu. Nyaga alinitazama mimi, kisha akatazama leso iliyokuwa inang'aa kwa ndani. Uso wake ulibadilika, lakini Baba Mdogo alikuwa tayari anatuita turudi.

Ndani, wimbo ulikuwa umekatika.

Baba Mdogo hakutambua. Alisimama, akasafisha koo. "Wakwe zetu, tumeongea kwa furaha kubwa. Binti yenu ni lulu, na hilo tangi—"

"Njeru, ndugu yangu, kaa kwanza," Mzee Ireri alisema kwa upole. "Na lile bwawa la Kiambere umeliacha nyuma ya ghala?"

Halafu tukasikia, kutoka mlango wa jikoni, sauti ya Mzee Ireri ikisema tena: "Njeru, ndugu yangu, kaa kwanza."

Nikueleze, maana hata wazee wetu walidhani ni mizimu. Video ya mubashara huchelewa kidogo. Simu iliyo kwenye leso yangu ilikuwa bado hewani, na mlangoni alisimama shangazi yake Wanja, mkono mmoja una unga wa chapati, mwingine una simu. Chumba kizima kilikuwa kinajisikia chenyewe kwa kuchelewa. Wapishi hawakuombwa simu. Nani anaomba simu wapishi?

"Mwalimu," shangazi aliniambia, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "si wewe ulinifundisha kubonyeza kengele? Nimekufuata tangu ninunue simu. Ikaita, nikafurahi, nikaita wenzangu wote. Nikawaambia njooni muone, mwalimu wangu yuko hewani, na yuko hapa kwetu!"

Natamani angenitukana.

Mzee Ireri alikitazama kiondo, akautoa mulika mwizi wangu, akauweka mezani mbele yangu kama mtu anayerudisha sahani.

"Sikilizeni," alisema. "Maneno ya nyuma ya ghala sina kesi nayo. Kila ukoo una mahali pake pa kutapikia. Hata sisi tuliwatapika nyinyi asubuhi huko jikoni. Tulisema kijana ni mwembamba na mama yake ana maringo. Mama, nisamehe. Lakini sisi hatukualika watu waje kutazama matapishi."

Mama alijifunika uso. Nami, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natafuta kitufe cha kuzima, nakikosa. Mimi! Mtaalamu!

Wanja alitoka chumba cha ndani. Alikuwa amevaa nguo aliyojishonea. Alikuja hadi mbele yangu, midomo ikicheza.

"Zima kwanza, Mwalimu," alisema, "ndiyo nilie."

Nikazima. Akalia. Nyaga alinyanyuka kumshika, naye akamwambia, "Peleka watu wako nyumbani." Tulipanda gari bila kula. Chapati za shangazi zilibaki jikoni.

Njia nzima hakuna aliyeongea na mimi. Ukurasani ndiko nilikopata mazungumzo! Niliifuta ile video, lakini ulishaona mtu akiokota uji uliomwagika mchangani? Mtu nisiyemjua alishakata kipande cha mtumba, akakipa muziki. Vijana wakaweka sauti yangu juu ya picha za makoti kuukuu, za magari mabovu, hadi za wanasiasa waliohama vyama. Nchi ikacheka vizuri. Kiritiri hawakucheka vizuri. Wateja waliingia kwa Wanja wakiwa na suruali nzima ambazo hazihitaji kushonwa, ili tu wamwone. Akafunga duka.

Nami nikafanya nini? Usiniulize! Nikakaa karibu na dirisha, penye mwanga mzuri, nikajipaka mafuta kidogo usoni, nikaanza kurekodi msamaha. Nilirudia mara kadhaa kwa sababu chozi lilikuwa linatoka upande mmoja tu. Nikaurusha.

Nyaga alipiga simu. Ndiyo mara ya mwisho aliyoniita dada. "Dada," alisema, "hata msamaha unarusha?"

Akakata. Nikajitazama kwenye ile video, na nikamwona yule mwanamke niliyekuwa namdharau siku zote, yule anayengoja muziki. Nikaufuta ukurasa wote. Hakuna aliyenililia. Wafuasi walipata mtoa maoni mwingine kabla ya jioni.

Mama na Baba Mdogo walirudi Kiritiri bila kelele, na mbuzi wa kuomba radhi. Mzee Ireri aliwapokea, akamchinja, wakala pamoja. Mama alipiga magoti mbele ya Wanja. Alisamehewa, kwa sababu neno lake lilikuwa baya lakini alilisema gizani kwa watu wake. Langu lilikuwa la kuchekesha watu nisiowajua. Baba Mdogo naye alisamehewa, na tangi akalipeleka, kubwa kuliko waliloitisha. Siku hizi analisifu kama ni yeye aliyelibuni.

Wanja alichukua muda mrefu zaidi. Nyaga alikuwa akienda kila Jumapili, anakaa nje ya duka lililofungwa, anarudi. Mwishowe lilifunguliwa.

Walioana. Nasikia shangazi wa chapati ndiye aliyekaa getini na kiondo, na mara hii hata wapishi walitia simu zao. Mimi nilijua siku, nilijua mahali, na nilijua kuwa sikualikwa. Nilishinda Dallas nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nilitafuta picha. Wewe unajua nilivyo. Nikachungulia kurasa za binamu, za majirani, za wanakwaya. Hakuna kitu! Harusi nzima ya ndugu yangu wa tumbo moja, na dunia haina hata picha ya kiatu. Mimi niliyeionyesha dunia kila kitu, hiki kimoja nilichotaka kukiona, hakipo.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo.

"Ilikuwaje?" nikamwuliza.

"Ilikuwa vizuri."

"Na nguo ya harusi ya Wanja?"

"Alijishonea."

"Ya namna gani, Mama? Nieleze tu."

Mama alitupa jiwe dogo nje ya ungo. Hakuniangalia.

"Ilikuwa mpya," akasema.

Basi. Wewe unayesoma haya na simu hiyohiyo mkononi, sikukatazi kuwa na maoni. Kuwa nayo, yatoe, bishana na mheshimiwa wako na msanii wako mpaka ushibe. Na ukishindwa kutumia kitu, uliza, usione haya, kila mtu alianza bila kujua. Lakini kuna mahali ambapo watu wako huenda kusema mabaya ili warudi na mazuri. Kila nyumba ina ghala lake. Ukifika hapo, usitafute mwanga. Usiwaeleze wasiokuwepo.

Zima simu, rafiki. Watu wako wanateta.