Bei Aliyoitaka Mzee

Mwaka ule nilishindwa kutulia. Nikiketi, nainuka, nikiinuka, natazama simu kama broka wa nyumba amepiga. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa anauza nyumba yetu ya Homa Bay ili ajenge kwao Karungu, na bei aliyoitaja ilikuwa inafukuza watu.

Mama alikuwa mgonjwa. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kwetu Wajaluo, nyumba ya mjini ni mahali pa kulala tu, hata ukizeekea humo. Boma lenyewe, dala, unalianzisha kijijini, na mwanamume halianzishi peke yake: yeye huenda na jogoo, mwana wa kwanza na shoka, na mke hubeba moto. Mama alitaka kubeba moto wake mwenyewe. Asingewahi, angezikwa kwenye boma la babu kama mgeni, bila nyumba yake. Aliniambia hivyo huku akichambua mboga, kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Na mzee? Milioni nne na nusu, basi. Bei hiyo aliitoa wapi? Kanisani. Rafiki yake alimwambia kuna nyumba karibu na hospitali imeuzwa hivyo. Nikamweleza kwamba ile iko kwenye lami, ina kisima, na ploti yake ni mara mbili ya yetu. Alinisikiliza kwa heshima zote, halafu akaanza kunihesabia upya: mawe, simenti, mbao za paa, hata mchanga ulioletwa na punda. Kila kitu alikitia mle, pamoja na jasho lake. Nilikuwa nimeshachemka, nikamwambia hakuna mtu atakayenunua jasho. Akaniuliza kama hayo ndiyo aliyonisomeshea.

Broka alinitembeza mtaani kwetu, akanionyesha nyumba zilizouzwa karibuni, zenye vyumba kama vyetu na barabara ya vumbi kama yetu. Zote zilikuwa zinacheza kwenye milioni tatu. Kwetu wanunuzi walikuja, wakaangalia ufa uliokuwa ukutani jikoni, wakasema watapiga simu. Nani alipiga? Mzee akasema kama wao hawana haraka, hata yeye hana. Haki ya nani, siku hiyo nilitamani kuling'oa geti.

Kisha akaja mama mmoja mfanyabiashara wa samaki kutoka Sori, mtu wa maneno machache. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta, akafungua mifereji, halafu akaketi sebuleni na kuuliza bei. Baba akataja yake. Yule mgeni akafunga mkoba, akasimama.

"Tatu," mama yangu akasema kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Sikuwa nimewahi kumsikia akiingilia mambo ya ploti mbele ya wageni. Kwetu hayo ni ya mwanamume. Baba alimgeukia polepole.

"Nyumba ni yako, mzee, sikatai," mama akasema. "Lakini siku unazotumia kungojea hiyo bei ni zangu."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akamwomba mgeni aketi, na wakamalizana kwa tatu na kidogo.

Tulijenga vyumba viwili vya mabati kule Karungu, haraka haraka, fundi akilalamika kwamba nampigia simu kama mke mwenye wivu. Asubuhi ya kuhamia niliingia na shoka, baba na jogoo wake, na mama nyuma yetu ameshika chungu cha makaa kwa mikono miwili, hataki kusaidiwa. Aliwasha moto, akachemsha chai, akanigombeza kwamba nimenunua sukari kidogo. Nilifurahi kugombezwa.

Aliishi humo wiki chache tu. Tulimzika kando ya nyumba yake, pale anapostahili mwenye boma. Watu walipokwisha kuondoka, baba alibaki amesimama kaburini, midomo ikimcheza. Nilidhani anasali, nikasogea taratibu nisimkatize.

"Ningeiuza hata mbili," akaniambia. "Siku ile ile ya kwanza."