Siku Kompyuta ya Yohana Ilipomsema Mkuu wa Shule

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sitamtupia mtu, na hadi leo nikikutana na mzazi wa miaka ile huwa naangalia viatu vyangu.

Mdogo wangu Yohana alikuwa fundi wa kompyuta hapa Chang'ombe, na mwaka wake wa mwisho alikuwa na wimbo mmoja tu: shule zitumie ule mfumo wa kompyuta wa bure, ambao mwanafunzi anaweza kuufungua aone ulivyotengenezwa, akaunakili akampa mwenzake, na usiwe wizi. Shule yetu (mimi nilikuwa karani, darasa la saba na mafunzo ya kupiga chapa, basi) ilikuwa imepewa kompyuta tano kuukuu, na Mkuu wa shule alishaahidi kwamba wazazi wakiuona mfumo huo na kuukubali, zote tano zitawekewa. Yohana akafa kwa homa ya wiki moja, kabla ya siku ya wazazi. Nikasema nitauonyesha mimi, kwa kompyuta yake mwenyewe, maana alikuwa amenifundisha mahali pa kubonyeza.

Sasa, tangu tumzike sikuwa nimeiwasha ile kompyuta, moyo ulikataa. Na siku yenyewe nikaongeza kosa dogo tu: nilikumbuka kwamba ikifunguka hupiga muziki mfupi, nikamwomba fundi wa vipaza sauti aiunganishe, ili hata waliokaa nje ya bwalo wasikie.

Nikawasha. Tukangoja (ilikuwa nzito kuamka, kama mimi siku zile). Muziki haukuja. Ikaja sauti ya Yohana, bwalo zima na uwanja mzima:

"Dada Vero, shikamoo! Umekula? Mkuu wenu akizidi kusitasita mwambie panya wameshahama kwake kwa njaa, na lile koti lake la kahawia..."

Nadhani alijirekodi mahali pa ule muziki, akategemea nitaiwasha nyumbani kwanza, kama mtu mwenye akili. Mama mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu, marehemu anaongea!" mabenchi yakaanguka, watu wakasukumana mlangoni, na Mkuu akasimama (amelivaa, lile lile la kahawia) akafoka, "Veronika, zima! Zima hicho kitu!" nami nikachomoa waya ukutani. Na niseme kweli yote: nilikuwa nacheka. Machozi yananitoka na ninacheka, mbele ya bodi ya shule.

Ndipo Mzee Ndahani, mjumbe wa bodi, akasema taratibu, "Mkuu, wewe si mtani wa hawa? Msibani hatukukuona kuja kutania, kama desturi. Haya, marehemu kakufuata mwenyewe mtaniane."

Watu wakacheka mpaka wale waliokimbia wakarudi. Mkuu hakucheka. Akafunga mkutano, mfumo haukujadiliwa, nikarudi nyumbani nimebeba kompyuta kichwani, nikijua nimelizika ombi la Yohana pia.

Jumamosi Mkuu akaja kwangu na mfuko wa mchele, bila koti. Akakaa kwenye kigoda.

"Pole, Veronika. Nimechelewa."

"Tumeshapoa, Mkuu. Karibu."

"Ile CD ya mfumo wa mdogo wako ipo? Tuanze na kompyuta mbili, tuone."

Nikamletea. Alipofika mlangoni akageuka. "Hivi, koti langu alitaka kusema lina nini?"

Nikamjibu kwamba sijui, na ni kweli. Tangu nilipochomoa ule waya kompyuta ya Yohana haikuwaka tena, mafundi wawili wamejaribu wakanyoosha mikono. Sauti ya mdogo wangu niliisikia mara moja, nusu, nikiwa nahangaika na waya.

Kwa hiyo siku hizi kitu cha marehemu nakifungua nyumbani, peke yangu, nimekaa, na sichomoi chochote mpaka kimalize kusema.