Biasha aling'oa mwani wake kwa habari ya redio

Maji yametoka, na Biasha Shee ameinama kati ya safu mbili za vigingi, leso ameifunga kiunoni, akifunga vichipukizi vya mwani kwenye kamba. Hana muda wa porojo. Bamvua linakwisha kesho. Baada ya hapo maji hayatatoka vya kutosha kuvifikia vigingi vyake, na kamba tupu itabaki tupu hadi bamvua jingine.

“Leo sipokei simu,” anasema. “Hata ya mume wangu.”

Biasha, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, analima mwani karibu na Shimoni, kusini mwa Kwale. Ni kazi ya kuumiza mgongo, lakini ndiyo iliyowasomesha watoto wake wawili. Mwani hukaa baharini kama wiki sita kabla ya kuvunwa. Hivi sasa angekuwa amebakiza wiki moja tu avune, lau asingeung'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita, mahakama ya mazingira ilisimamisha uchimbaji wa mchanga wa baharini katika eneo hilo mpaka wakulima wa mwani wasikilizwe na jaji aje kujionea. Basi. Hakuna mkulima aliyekatazwa kitu.

Lakini Biasha hakuwa mahakamani, alikuwa na redio. Stesheni anayoisikiliza humtetea mwanasiasa aliyeuleta mradi wa mchanga, na jioni ile ilitangaza kwamba mahakama imefunga bahari, ajira zimekufa na wapinzani wanashangilia. Mtangazaji akaongeza la kwake: atakayeonekana akifanya kazi huko atashikwa.

“Nyumbani kwetu redio ni hiyo tangu enzi za marehemu baba,” anasema Biasha. “Wallahi, sikuwahi kuitilia shaka.”

Kesho yake akang'oa mwani wote, akauanika. Mnunuzi alipokuja aliupapasa kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwani usiokomaa ukikauka hauna kazi, wala hauwezi kupandwa tena.

Jirani yake, Jumwa Dzombo, alimwona aking'oa wala hakumuuliza. Jumwa ni mmoja wa waliopeleka kesi, na stesheni yake ni ya mahasimu wa mwanasiasa huyo. Hiyo nayo ilitumia saa nzima kuwacheka walioshindwa, na amri yenyewe ya mahakama ikaisoma mbiombio.

“Walisema watu wa upande ule watagoma,” anaeleza Jumwa. “Nikadhani Biasha amenuna. Nikasema, na anune.”

Bamvua hili lilipoanza, Biasha alimwona Jumwa akiingia majini na kapu la vichipukizi vya mbegu. Walikuwa hawajaamkiana tangu kesi ianze. Hata hivyo alitoka mbio ufuoni, akamfuata majini akipiga kelele.

“Dada Jumwa, toka! Utashikwa!”

“Nishikwe na nani?”

“Polisi! Si mahakama imefunga bahari?”

“Imezuia kuchimba mchanga, Biasha. Mimi nilikuwako, nimemsikia jaji kwa masikio yangu. Mwani haukutajwa kwa ubaya.” Jumwa akavitazama vigingi vitupu vya Biasha. “Kwani ndiyo sababu uling'oa?”

Biasha alikaa papo hapo majini, akalia.

Hapa mbegu ya mwani haiuzwi kwa jirani. Mwenye nayo humkatia asiyekuwa nayo, naye hurudisha kapu kwa kapu akivuna, na fundo la kwanza hulifunga mtoaji mwenyewe kuonyesha kwamba hana kinyongo. Tangu kesi ianze, desturi hiyo ilikuwa imegawanyika: wa redio hii walipeana wao kwa wao, na wa ile vivyo hivyo.

Jumwa alibeba kapu lake hadi shamba tupu la Biasha, akafunga fundo la kwanza.

“Nilimwona jirani yangu akiharibu shamba lake, nikanyamaza,” anasema. “Siwezi kuisingizia redio. Hilo ni langu, na linaniuma.”

Jaji anatarajiwa mwezi ujao, na Biasha amekubali kutoa ushahidi pamoja na Jumwa. Habari hiyo imezifikia stesheni zote mbili. Yake inataka aseme kesi ndiyo iliyomtia hasara. Ya Jumwa inataka aseme amehama chama. Watangazaji wa pande zote wanamtafuta, ndiyo sababu simu ameizima.

“Kila mmoja amekuja na jibu lake mfukoni, anataka sauti yangu tu,” anasema.

Je, siku ya jaji atazungumza nao?

“Nitazungumza nao wote, inshallah. Lakini ni huku ndani, si pale ufuoni. Wavue viatu, wakunje suruali, waje wainame. Waniulize kwanza ninafunga nini hapa, kabla hawajaniuliza ninampigia nani kura.”

Anainama tena. Kamba tatu bado ziko tupu, na maji yameanza kurudi.