Mbwa wa Zamu

Katika kijiji kimoja cha kata ya Tumati, juu huko Mbulu, kaya nane huchunga ng'ombe wao pamoja kwa zamu. Leo anachunga huyu, kesho yule, na siku ya tisa mzunguko unaanza upya. Utaratibu huu ni wa zamani na hauna ugomvi, kwa sababu kila mtu anajua siku yake na kila ng'ombe anajua zizi lake. Aliyekosa nafasi katika mpango huo ni mbwa. Yeye huwafuata ng'ombe, jioni hulala kwa mwenye zamu, akipewa ugali anakula, asipopewa anavumilia, na asubuhi anaondoka na kundi. Kaya nane zinamlisha, na hakuna hata moja inayomwita wake.

Gaudensia Akonaay, ambaye kijiji kizima humwita Mama Brightness kwa jina la binti yake aliyeolewa Haydom, ni wa kaya ya tano. Ana miaka hamsini na tisa, ng'ombe watatu, shamba la mahindi na maharage, na ulimi ambao wajumbe wenzake wa halmashauri ya kijiji wamejifunza kuuheshimu. Ni mtu wa kufuatilia mambo. Mwaka ule bomba la maji la shuleni lilipopasuka, alishuka Mbulu mjini mara sita, akawa anakaa kwenye benchi la ofisi na kikapu chake anachokisuka, hadi fundi akatumwa. Nadhani walitaka tu kulipumzisha benchi.

Lakini jambo lililomkaa moyoni lilikuwa mbwa. Miaka kumi na saba iliyopita mumewe, Gerald, aling'atwa mguuni na mbwa wa zamu wa wakati ule. Kidonda kilikuwa kidogo. Gaudensia alizunguka kaya zote kuuliza mbwa ni wa nani na kama alikuwa mzima, na kila mlango akajibiwa kwa upole maneno yaleyale, kwamba huyo anafuata ng'ombe tu. Hakupatikana mtu wa kusema kama mbwa alikuwa anakula au ameacha, na siku mbili baadaye mbwa mwenyewe akapotea. Gerald akasema ameng'atwa na mbwa tangu utotoni na bado yupo, akachukua jembe akaenda kupalilia. Mwezi wa pili baada ya hapo akaanza kuogopa maji. Gaudensia alimpa kikombe cha uji, akakitupa ukutani, na ndani ya siku nne akawa amekufa.

Gaudensia hakulia sana mbele za watu. Alichotaka tangu hapo ni kitu kimoja, sheria inayosema kila mbwa awe na mtu, na jina la mtu huyo liandikwe.

Ilichukua miaka. Mwaka huu ndipo rasimu ya sheria ndogo iliposomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mbwa aandikishwe kwa jina la mwenyewe, achanjwe, na mchana afungwe isipokuwa akiwa kazini. Atakayefika siku ya chanjo bila mwenyewe atauawa siku hiyohiyo. Watu walibishana kwa saa tatu nzima. Wenye mashamba karibu na msitu walisema nyani hawaji usiku, wanakuja saa nne asubuhi, na mbwa aliyefungwa kamba kwa nyani ni burudani. Wengine walisema nyani hajawahi kumwambukiza mtu kichaa cha mbwa kijijini hapo. Mmoja akauliza mbwa wa parokia ataandikwa kwa jina la nani, na katekista akasimama haraka kueleza kwamba Padri hana mbwa, ila mbwa ndiye ana parokia. Mkutano ukacheka. Joakimu, mtendaji wa kijiji, hakucheka, akaandika kwamba suala hilo litafuatiliwa.

Kisha akasimama mzee Hhando wa kaya ya sita, ambaye aliwahi kuwa rafiki mkubwa wa Gerald. Ni mtu mpole, asiyependa kusikika mikutanoni. Akauliza kwa sauti ndogo mbwa wa zamu atakuwa wa nani.

Gaudensia ndiye aliyejibu, hata mwenyekiti hakupata nafasi. "Akitokea mtu wa kusema ni wangu, ataishi. Asipotokea, tusimlaumu mbwa."

Mzee Hhando akakaa chini. Sheria ikapita kwa mikono mingi, na Gaudensia akarudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu.

Siku ya chanjo iliangukia kwenye zamu yake ya kuchunga. Hilo hakuwa amelifikiria. Alipitisha kundi mbele ya ofisi ya kijiji akielekea malishoni, na nyuma ya ng'ombe alikuja mbwa, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Uwanja ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamewaleta mbwa wao kwa kamba za katani, kwa mikanda, mmoja kwa tai ya sare ya shule, na mbwa wa mtendaji, aliyepaswa kuwa mfano, alikuwa akitaka kupigana na kila aliyemwona. Kando ya ukuta alisimama mgambo mwenye bunduki. Mbwa wa zamu akaenda moja kwa moja kunusa buti zake.

Afisa mifugo, msichana aitwaye Doris aliyetoka chuoni juzi juzi, alikuwa na daftari jipya. "Shikamoo mama. Huyu ni wa nani?"

"Marahaba. Huyu anafuata ng'ombe tu."

Aliyasikia maneno baada ya kuyasema. Miaka kumi na saba alikuwa ameyabeba maneno hayo kama ushahidi dhidi ya watu wengine, na sasa yametoka kinywani mwake bila hata kutafutwa. Akatazama nyuma. Watu wa kaya zile nyingine saba walikuwepo karibu wote, na kila mmoja alikuwa ghafla na jambo la kurekebisha kwenye kamba yake. Aliwaelewa vizuri. Anayeandikwa leo ndiye atakayegongewa mlango kesho, mbwa akimng'ata mtu. Mtendaji tayari alikuwa anamtazama mgambo.

"Andika Gaudensia Akonaay," akasema.

Doris akaandika. Hapo mzee Hhando akatoka kwenye foleni, akavua kofia.

"Niandike na mimi."

"Shikamoo mzee. Nafasi ni ya jina moja tu."

"Marahaba. Basi andika langu, la shemeji lifute." Alikuwa akisema na daftari, hamtazami Gaudensia. "Na mwandike na yule aliyemng'ata Gerald. Yule alikuwa wangu. Nilimleta mimi kutoka Masieda, akiwa mdogo wa kubebwa kwenye koti. Alikuwa ameacha kula tangu jana yake. Niliona, nikanyamaza."

Doris, ambaye miaka kumi na saba iliyopita alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, akauliza Gerald ni nani.

Kwa siku kama hii Gaudensia alikuwa ameandaa maneno mengi, ameyapanga jikoni na shambani, mengine makali sana. Yote yalimkimbia. Alimchukia yule mzee, pale pale, kwa nguvu zake zote, na aliiona mikono yake ikiikunja na kuikunjua kofia, na chuki ikabaki lakini ikachoka. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kuingia kwenye maharage ya shule.

"Usifute," akamwambia Doris. "Ongeza lake chini ya langu."

Mbwa akashikwa, akachomwa sindano, akalia kidogo, akajikung'uta. Gaudensia akaokota fimbo yake na kwenda kuwageuza ng'ombe. Alipofika kwa mzee Hhando akasimama.

"Kesho ni zamu yako, shemeji. Akiacha kula, uje uniambie."