Nilidhani Kwato ni Ugonjwa

Juzi mwanangu alikuwa akifanya homuwaki pale sebuleni, Syokimau, akaniuliza kwato ni nini. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka. Nikamjibu kwa kifupi kuwa ni ukucha mgumu wa mguu wa ng'ombe, mbuzi au punda. Halafu nikabaki nimekaa, mawazo yakiwa Mwala, kijijini nilikokulia.

Alasiri moja nikiwa bado mdogo, chifu alikuwa ametangaza kuwa kuna ugonjwa, na wanyama wote wenye kwato wasitoke bomani. Nilidhani kwato ndilo jina la ugonjwa wenyewe. Mama alimfunga punda wetu aliyetubebea maji kila siku, akajitwika mtungi mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, akaenda mtoni kwa miguu. Mimi nilibaki uani na harufu ya vumbi la joto na samadi kavu, nikimsikia punda akilia, nikiogopa hata kumkaribia.

Mama aliporudi, alikaa kizingitini akanyoosha miguu. Nikaona visigino vyake vimepasuka, nyufa zimejaa mchanga. Nikaanza kulia.

"Kwani ni nini, mwanangu?"

"Mama, hata wewe uko na kwato. Utakufa."

Aliviangalia visigino vyake. Nilitarajia acheke.

"Sina kwato," akasema polepole. "Ningekuwa nazo, leo ningeambiwa nikae nyumbani."

Kisha akainuka, akamimina maji kwenye pipa, akarudi mtoni.